Nani Amsemee Aliyedhulumiwa?

Sinema ya Killers of the Flower Moon ya mwaka 2023 yasimulia jinsi Waosage, wenyeji wa asili wa Marekani, walivyouawa huko Oklahoma katika miaka ya 1920 kwa tamaa ya fedha za mafuta. Yastahili sifa: Kiosage chasikika humo, na Mollie, mwanamke aliyeuliwa ndugu zake, aigizwa na mwenyeji wa asili, Lily Gladstone. Je, ndugu msomaji, yatosha? Hadithi yafuata zaidi nyayo za Ernest, mumewe, aliyeshiriki njama hiyo. Dhamiri ya mkosaji yaweza kutufundisha kujichunguza. Walakini kitanda usichokilala hujui kunguni wake. Kumwonyesha aliyedhulumiwa si kumsikiliza. Haki yadai apewe nafasi ya kusimulia msiba wake mwenyewe.