Jirani Aliye Tumboni



Yule mwanasheria alipouliza jirani yake ni nani, Bwana wetu alimjibu kwa habari za majeruhi aliyelala njiani, aliyeonekana na kila mpita njia. Je, mtoto aliyefichika tumboni naye ni jirani yetu? Na kama ni jirani, tutamtendeaje mema bila kumdhulumu mama yake?

Zamani waganga hawakuwa na njia ya kumfikia. Mwaka 1963, huko Auckland, New Zealand, daktari William Liley alifaulu kumwongezea damu mtoto aliyekuwa bado tumboni, ambaye damu yake iliharibika kwa kutopatana na ya mama. Sindano ilipita katika tumbo la mama hadi ndani ya tumbo la mtoto, naye akazaliwa hai.

Tiba hiyo imeendelezwa, na leo huwasaidia pia watoto walioambukizwa kirusi kiitwacho parvovirus B19. Kwa watoto wa shule kirusi hiki huleta homa ndogo na vipele, kisha hupita. Lakini kikimpata mama mjamzito, pengine humfikia mtoto na kuharibu chembe zinazotengeneza damu nyekundu. Wengi hupona wenyewe. Wengine hupungukiwa damu hata moyo ukashindwa na mwili ukavimba kwa maji. Madaktari hupima kwa mashine mwendo wa damu kichwani mwa mtoto, maana damu iliyopungua hukimbia upesi zaidi. Ikibidi, huingiza sindano katika mshipa wa kitovu na kumpa damu iliyotolewa na mtu mwingine.

Hapa wako wasemao kwamba, maadamu mtoto ni mgonjwa, mama hana la kusema. Twakataa. Sindano hiyo hupita katika mwili wake, nayo ina hatari zake: mimba yaweza kuharibika au uchungu ukaja kabla ya wakati. Haki ni kwamba aelezwe yote, apewe nafasi ya kuuliza, na akubali kwa hiari yake.

Wengine husema, "Huyo bado hajazaliwa, Mungu atatoa mwingine." Nao twawakatalia. Aliyefiwa ajua kwamba mtoto hana badala. Msamaria hakuuliza jina la majeruhi kabla ya kumfunga jeraha, wala mtoa damu hamjui mtoto atakayeipokea.

Tiba hiyo yataka wataalamu na vyombo ambavyo hospitali nyingi hazina. Lakini fundisho lake latuhusu sote: hakuna njia ya kumfikia mtoto aliye tumboni isipokuwa kwa kupitia kwa mama yake. Vidonge vya kuzuia malaria na vya kuongeza damu humezwa na mama, vikamfaa mtoto. Vivyo hivyo dawa za kupunguza makali ya UKIMWI: mama akizitumia vema, humkinga mtoto asiambukizwe.

Basi, tusijisifu kwamba twawapenda watoto wasiozaliwa, huku tukiwanyima mama zao nauli ya kliniki, au kumnong'ona yule aliyepima na kukutwa na virusi. Waume na waende kliniki pamoja na wake zao. Wenye afya na watoe damu. Huko ndiko kumtendea mema jirani tusiyemwona.