Je, Faili Limefika?

Kitu kikihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine na kikafika na sura yake ileile, je, kimefika kweli? Swali hili linaweza kuonekana la darasa la falsafa, lakini wabunifu wa michoro hulijibu kila siku, mara nyingi usiku wa manane, mteja akisubiri bango na faili lililotoka Illustrator likigoma kufunguka vizuri kwenye Inkscape au CorelDRAW.

Tuanze na kinachohama. Picha ya JPG ni madoa ya rangi yaliyopangwa safu kwa safu. Ukiikuza sana utayaona. Mchoro wa vekta umejengwa kwa maelekezo: anza hapa, pinda kuelekea kule, funga umbo, jaza rangi hii. Ndiyo maana nembo ileile hukaa kwenye kadi ya biashara na kwenye ukuta wa ghorofa bila kufifia. Lakini maelekezo huhitaji msomaji, na kila programu ni msomaji mwenye mazoea yake. Kwa hiyo kuhamisha faili kunafanana zaidi na kutafsiri kuliko kubeba mzigo.

Chukua vipimo. Mchoro wenye upana wa sentimita 10 uliohifadhiwa kama SVG kutoka Illustrator unaweza kufunguka kwenye Inkscape ukiwa na sentimita 7.5. Wa kwanza kulaumiwa huwa aliyetuma. Ukichunguza, hakuna aliyedanganya: Illustrator huhesabu pikseli 72 kwa inchi, ilhali Inkscape tangu toleo la 0.92 la mwaka 2017 huhesabu 96, na kabla ya hapo ilihesabu 90. Namba zote zimefika. Kilichokosekana ni makubaliano kuhusu maana ya namba hizo. Ukilijua hilo, tiba ni kuukuza mchoro hadi asilimia 133.33, na maisha yanaendelea.

Au chukua faili la AI lenyewe. Illustrator inapolihifadhi, inaweza kuweka ndani yake nakala ya PDF, na nakala hiyo ndiyo Inkscape huisoma. Mtumaji akiondoa alama kwenye kisanduku kimoja tu wakati wa kuhifadhi, mpokeaji hukuta ukurasa wenye ujumbe kwamba faili halikuhifadhiwa na maudhui ya PDF. Kazi yote imo ndani, ila mlango wa mgeni umefungwa.

Matatizo hayo husumbua, lakini hayana dhambi ndani yake. La fonti ni tofauti, kwa sababu hapo tiba yenyewe ndiyo inayozua swali la haki. Kompyuta ya mpokeaji ikikosa fonti uliyotumia, programu huweka nyingine badala yake: maneno yanatanuka, mistari inavunjika, jina la kampuni linamwagika nje ya fremu. Ushauri ambao wachapaji wengi hukupa ni mmoja: geuza herufi ziwe maumbo kabla ya kutuma. Ukifanya hivyo, sura haitabadilika popote faili liendapo. Lakini kuanzia hapo herufi si herufi tena. Ile “m” imekuwa mkunjo wenye umbo la “m”. Huwezi kuibonyeza na kuandika, huwezi kuitafuta, na programu inayowasomea wasioona haitakuta neno lolote la kusoma.

Ninalipia sehemu ya ada ya shahada yangu ya uzamili kwa kazi ndogondogo za usanifu. Mwaka jana akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa waliniletea flashi yenye bango lao. Aliyelitengeneza alikuwa amehama mji na simu yake haipatikani. Walitaka jambo dogo: katika kaulimbiu yao, neno “mshikamano” lilikosa “a” moja. “Mwanangu, si unaandika tu hiyo a?” mmoja aliniuliza. Nilifungua faili, nikakuta maumbo matupu. Niliazima “a” ya mwanzo wa neno hilohilo, nikainakili na kuisogeza, nikayasukuma maumbo mengine kulia moja baada ya jingine. Ilichukua muda, lakini kwa “a” iliwezekana. Mwezi uliofuata walitaka kubadilisha jina la mwenyekiti, na jina jipya lilikuwa na herufi ambazo hazikuwemo popote kwenye bango. Ikabidi tulitengeneze upya, nao wakalipa mara ya pili kwa kitu walichodhani ni chao.

Je, yule mbunifu aliwakosea? Nimelifikiria sana swali hili, na siwezi kulijibu kwa hasira. Ana hoja. Huenda alifanya kama alivyofundishwa. Leseni za fonti nyingi haziruhusu kumgawia mwingine fonti uliyonunua. Na zaidi ya hayo kuna njaa: ukimpa mteja faili linaloweza kuhaririwa, kesho atalipeleka kwa kijana mwingine anayetoza nusu ya bei, na wiki zako za kufikiri zitakuwa mtaji wa mtu mwingine. Kufunga faili ni njia pekee ambayo wengi wetu tunayo ya kulinda jasho letu, kwa kuwa mikataba yetu mingi ni ya mdomo.

Hata hivyo naona hoja hiyo inalinda bei, hailindi ukimya. Mbunifu ana haki ya kusema, “Faili lililo wazi lina bei yake.” Hana haki ya kukabidhi lililofungwa huku mwenzake akiamini ameshika kazi nzima. Mteja hawezi kuiona tofauti kwa macho. Kwenye kioo mafaili mawili yanafanana kabisa. Palipo na tofauti isiyoonekana, anayeijua ndiye mwenye wajibu wa kuisema.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Faili lililogeuzwa maumbo ni mgeni wa kudumu: linapendeza sebuleni, lakini siku ya kulima haliwezi kushika jembe. Kwa safari ya kwenda kiwandani linafaa sana, kwa sababu mchapaji hatakiwi kubadilisha kitu. Kwa mtu atakayeishi na kazi hiyo, kubadilisha tarehe, kusahihisha jina, kumwondoa aliyefariki, halitoshi. Huyo apewe mawili: moja la kuchapa, jingine lenye maandishi hai, pamoja na orodha ya fonti na mahali zinapopatikana. Ikiwezekana la pili liwe katika SVG, ambayo W3C iliipitisha kuwa kiwango cha wazi mwaka 2001, ili asilazimike kununua programu uliyonunua wewe.

Kwa hiyo nikirudi kwenye swali: sura ileile haitoshi kuwa jibu. Kabla ya kubofya kitufe cha kutuma, mimi hujiuliza nani atakigusa kitu hiki baada yangu, na atahitaji kukifanyia nini. Kama jibu ni “kukitazama tu”, ninazifunga herufi bila wasiwasi. Kama si hivyo, ninamwambia bei, kisha ninamwachia herufi zake.