Cha Kuficha na cha Kufichua

Siri ni amana. Amana nyingine mtu huwekewa na wenzake, lakini siri ni amana ambayo mtu hujiwekea mwenyewe, na akiivunja hana wa kumshitaki ila nafsi yake. Wazee walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata, wakakusudia kwamba mambo ya ndani hujulikana na kile kinachoingia ndani. Katika zama zetu mtungi umebadilika. Huduma ya kutumiana fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo akiba ya watu wengi haimo tena chini ya mto wala ndani ya kibweta. Imo katika simu ya mkononi, na kata ya kuitekea ni tarakimu chache. Mwenye tarakimu hizo hateki kwa sababu yeye ni fulani. Huteka kwa sababu tarakimu zimejibu sawasawa.

Nataka kupima swali moja katika insha hii. Mtu aliyemwambia mwongo siri yake akaibiwa, ana lawama gani? Na kama anayo lawama, anayo aibu pia? Maneno haya mawili hutembea pamoja vinywani mwetu kama ndugu wa tumbo moja, lakini hayakuzaliwa na mama mmoja. Lawama hutazama tendo, nayo huisha tendo likitengenezwa. Aibu humtazama mtu, nayo humfunga mdomo. Nadhani sehemu kubwa ya hasara tunayoipata kwa wezi wa siku hizi hutokana na kuyachanganya mawili haya.

Mtaani kwetu palikuwa na mwanamke mtu mzima, muuza vitumbua, ambaye sote tulimwita Bibi. Asubuhi moja simu yake ililia. Sauti ya kijana, laini na yenye adabu, ilimwamkia shikamoo, ikamtaja kwa majina yake matatu kama yalivyoandikwa katika kitambulisho. Ilisema kwamba inatoka katika kampuni ya simu, kwamba kuna fedha zimeingia kwake kwa makosa, na kwamba laini yake itafungwa asipohakikisha namba yake ya siri. Bibi alijibu, “Marahaba, mwanangu,” akazitaja tarakimu zake. Punde ujumbe uliingia wenye tarakimu nyingine, na kijana akaomba asomewe hizo pia. Bibi alimsomea. Kabla ya chuma chake cha vitumbua kupoa, ada ya shule ya mjukuu wake ilikuwa imekwenda.

Bibi hakumwambia mtu. Wiki mbili baadaye sauti ile ile ilimpigia jirani yake wa mlango wa tatu, naye aliposita, iliongeza neno moja: “Hata Bibi wa vitumbua tumekwisha kumhudumia.” Jirani aliposikia jina la mtu anayemwamini aliacha kusita. Jina la Bibi lilikuwa limegeuzwa ufunguo wa nyumba ya mwenziwe.

Nilipomwuliza Bibi kwa nini alinyamaza, alinijibu kwa upole ulionichoma kuliko ukali: “Mwanangu, mwaka jana mlimcheka fundi cherehani pale barazani.” Alisema kweli. Fundi yule alikuwa amepokea ujumbe usemao, “Ile hela tuma kwenye namba hii,” akadhani umetoka kwa mwenye nyumba wake, akatuma kodi ya miezi mitatu. Alipotusimulia tulicheka mpaka tukashika mbavu, na Bibi alikuwa ameketi hapo na sinia lake. Mimi nilicheka pamoja na wengine. Tangu siku ile nimekuwa nikijihesabia fungu langu katika fedha za jirani wa mlango wa tatu.

Yamkini msomaji atasema kwamba haya ni masaibu ya watu wasiosoma sana, na kwamba elimu ni ngao ya kutosha. Historia haikubaliani naye. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts huko Marekani, wataalamu wengi walitumia kompyuta moja kwa zamu, na kila mmoja alipewa neno la siri la kuingilia. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa shahada ya juu, Allan Scherr, aliona kwamba saa alizogawiwa hazikutosha kwa utafiti wake. Aliiamuru mashine ichapishe faili lililohifadhi maneno ya siri, nayo ikamchapishia maneno ya wote. Wenye maneno yale walikuwa miongoni mwa watu werevu wa nchi ile, wala hawakumwambia mtu. Walinyang'anywa wakiwa wamenyamaza. Basi kuibiwa si kipimo cha akili ya mwibiwa, kama vile kunyeshewa si kipimo cha ujinga wa aliyelowa.

Visa vya namna hii viliwafundisha watengenezaji wa mashine jambo ambalo kila mwananchi yafaa alijue. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walibuni njia ya kutoliweka neno la siri lenyewe ndani ya mashine. Neno husagwa kwa hesabu, kama mtama unavyosagwa, na kinachowekwa ni unga wake. Mwenye neno akirudi kesho, neno lake husagwa tena, na unga mpya hulinganishwa na ule wa jana. Kupata unga kwa mtama ni rahisi. Kupata mtama kwa unga haiwezekani. Katika mfumo uliotengenezwa kwa uangalifu, hata mtunza mashine hana haja ya kulijua neno lako ili akuhudumie. Hapa ipo kanuni isiyohitaji shahada: anayekuuliza siri yako ili akusaidie, kwa kuuliza kwake amekwisha kujitambulisha kuwa hakuja kusaidia.

Sasa turudi kwenye lawama, kwa kuwa sikusema kwamba haipo. Lawama hugawanywa mafungu kama nyama ya shirika. Fungu la kwanza na kubwa ni la mwizi, na hapana hoja inayoweza kulipunguza. Fungu la pili ni la wale wanaoshika majina yetu. Sauti ile iliyapata wapi majina matatu ya Bibi? Mahali fulani nakala ya kitambulisho chake iliachwa mezani, au daftari la wateja lilifunuliwa mbele ya asiyehusika. Sheria zimeanza kulitambua fungu hili. Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa taarifa za watu mwaka 2019. Tanzania, ambayo ilikuwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Walakini sheria ni kama kufuli: haifungi mlango mpaka mtu auegeshe kwanza.

Fungu la tatu, dogo lakini la kweli, ni letu wenyewe. Mashine ya kutolea fedha ilipofunguliwa na benki ya Barclays kaskazini mwa London mwaka 1967, John Shepherd-Barron, aliyeibuni, alikuwa na nia ya kutumia tarakimu sita. Alisimulia baadaye kwamba mke wake alimwambia hawezi kukumbuka zaidi ya nne, na kwa hiyo zikawa nne. Tarakimu nne hutoa namba 10,000, kuanzia sufuri nne hadi tisa nne. Huo ni msitu wa kutosha kwa mwindaji anayeruhusiwa kurusha mishale mitatu tu. Lakini mtu achaguaye mwaka wake wa kuzaliwa ameukata msitu kwa mikono yake: watu walio hai wamezaliwa katika miaka ipatayo mia moja, basi kati ya miti 10,000 amebakiza 100, na aijuaye sura yake anaweza kubakiza kumi. Vivyo hivyo atumiaye neno moja kwa barua, kwa benki na kwa duka amefunga milango yote kwa ufunguo mmoja, na siku duka likivunjwa, benki haina haja ya kuvunjwa. Neno refu, lililofumwa kwa maneno kadhaa yasiyohusiana, tena tofauti kwa kila mlango, ni kazi ndogo kuliko kilio cha baadaye.

Lipo pingamizi moja zito, nami siwezi kulipita kimya. Sisi ni watu wa kushirikiana. Tumelelewa kwamba sahani ni moja, kisima ni kimoja, na mtoto wa mwenzio ni wako. Mpwa akisema, “Mjomba, nipe namba yako nikutolee fedha kwa wakala,” kumnyima huonekana kama kumwambia kuwa ni mwizi. Je, siri si choyo iliyovaa kanzu ya hekima?

Sidhani hivyo. Mtu huazima jembe, huazima sufuria, hata nguo ya harusi huazima. Lakini haazimi jina. Namba ya siri si fedha; ni kiapo kwamba aliye mbele ya mashine ni wewe. Ukimpa mtu fedha umempa mali, naye anaweza kuirudisha. Ukimpa namba umempa kuwa wewe, na jambo hilo halirudishwi. Zaidi ya hayo, siri huwalinda hata wale wanaonyimwa. Fedha zikipotea, jicho la kwanza huangukia kwa ajuaye, kwa kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Mpwa asiyeijua namba amekingwa na tuhuma ambayo ingevunja udugu hata kama mikono yake ni safi. Kumnyima hivyo ni kumheshimu. Na asiyeona, au asiyejua kusoma, ambaye hana budi kuitumia mikono ya mwingine, huyo hastahili kufungiwa nje ya kanuni hii. Watengenezaji wa huduma ndio wanaodaiwa kumtafutia njia ya kujitegemea, na hadi ipatikane sisi tunadaiwa uaminifu mara mbili.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mwibiwa anaweza kuwa na lawama kidogo, aibu hana. Tumezipanga siri zetu kinyume. Namba, ambayo ni ya kuficha, tumeitaja kwa sauti mbele ya wakala, watu wakiwa nyuma yetu kwenye foleni. Wizi, ambao ni wa kufichua, tumeufunika kama kidonda kibaya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha wizi huwaumbua wenziwe, maana mwizi wa jina haibi mara moja. Jina aliloliiba leo ndilo chambo chake cha kesho. Katika Tanzania mtu anaweza kuipeleka namba ya tapeli kwa ujumbe kwenda 15040, na kwa kubonyeza *106# anaweza kujua ni laini ngapi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Njia hizi ni nzuri, lakini zinamtaka mtu awe amekubali kusema, na hakuna asemaye mahali anapochekwa.

Bibi bado anauza vitumbua. Siku moja nilimwomba asimulie kisa chake barazani, mbele ya wale wale waliocheka, na fundi cherehani akiwapo. Alisimulia tangu shikamoo ya kwanza hadi tarakimu ya mwisho. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza, wanaume wawili waliokuwa kimya muda mrefu waliinua vichwa, na mmoja wao akasema, “Mimi pia.”