Faida ya Visiki Visivyokuwepo



Ndugu wasomaji, wengi wetu wakati wa likizo tunatafuta ada kwa mikono yetu. Mimi hufyeka nyasi na kusafisha viwanja hapa Musaga. Mvua zikishika, nyasi hufika kiunoni na kazi hazikosekani. Swali linalonisumbua ni hili: je, faida ya halali ina kikomo?

Mwezi wa Aprili mama mmoja mjane alinionyesha kiwanja chake, karibu na barabara iendayo Ijenda. Badala ya kuingia kiwanjani nilitazama geti la nyumba yake. Nikasema, "Mama, ni faranga 120,000. Chini ya nyasi hizi kuna visiki vingi." Akakubali. Nilichukua vibarua wawili, nikawalipa 15,000 kila mmoja, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumemaliza. Hatukukuta kisiki hata kimoja.

Nilijitetea kwa elimu ninayoisoma. Sheria haikuweka asilimia ya faida. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei, naye akakataa, akichelea kukutana na Mola wake hali amemdhulumu mtu. Na Urwa al-Bariqi (r.a.) alipewa dinari anunue kondoo mmoja. Alinunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Mtume (s.a.w.) akamwombea baraka katika biashara. Faida ile ililingana na mtaji wote! Basi yangu ina kosa gani?

Hoja hiyo ikanigeukia. Urwa aliviweka vyote viwili mbele ya mwenye mali. Tena Suratun-Nisaa, aya ya 29, inahalalisha biashara ya kuridhiana, na mama yule aliridhia visiki nilivyovibuni mimi. Ningetaja 120,000 bila neno la visiki, angeweza kukubali, kuomba punguzo au kumwita mwingine. Ridhaa ingekuwa yake. Katika hesabu yangu visiki vilibeba 40,000. Hizo sikuzitolea jasho.

Siku hizi naingia kiwanjani kwanza pamoja na mwenyewe. Napima kwa hatua, natafuta visiki kwa ncha ya panga, natazama mteremko, nahesabu vibarua na gharama ya kubeba takataka. Kisha naongeza faida yangu, wala sioni haya.

Zile 40,000 nilizirudisha Ijumaa baada ya swala. "Mama, visiki havikuwepo." Alizihesabu noti mara mbili, akanyamaza, kisha akauliza, "Na kwa jirani yangu uliyemfyekea mwezi uliopita, vilikuwepo?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Kwa jirani huyo nitakwenda wiki hii, inshaAllah.