Siku Mbili, Meza Moja
JUMATANO

Soma Warumi 14:4–13 na 1 Wakorintho 5:7, 8. Je, ndugu wasiokubaliana juu ya siku ya maadhimisho wanaweza kuketi katika meza moja?

Karibu na mwaka 155, Polycarp, askofu mzee wa Smirna, alisafiri mpaka Roma. Makanisa ya Asia yaliadhimisha Pasaka siku ya 14 ya mwezi wa Nisani, iwe siku yoyote ya juma, nayo yalisema yalipokea desturi hiyo kwa mtume Yohana. Roma iliadhimisha Jumapili. Polycarp alizungumza na Anicetus, askofu wa Roma, lakini hakuna aliyemshawishi mwenzake. Hata hivyo, Anicetus alimpa mgeni wake heshima ya kuongoza Meza ya Bwana, nao wakaagana kwa amani.

Miaka ipatayo 35 baadaye, Victor, askofu mwingine wa Roma, alitaka wote wafuate Jumapili. Polycrates wa Efeso alipokataa, Victor alijaribu kuyatenga makanisa ya Asia. Irenaeus wa Lyon akamwandikia kumsihi asifanye hivyo, akimkumbusha jinsi Anicetus alivyompokea Polycarp. Irenaeus mwenyewe aliadhimisha Jumapili! Kuhusu siku, alikubaliana na Victor. Kuhusu kuwatenga ndugu, alimpinga.

Je, hii ina maana kwamba ukweli hauna uzito? Hapana. Polycarp hakuacha msimamo wake ili kumpendeza mwenyeji wake. Tena, Sabato ni amri ya Mungu (Kutoka 20:8–11), wala si desturi ya kuchagua. Lakini Agano Jipya haliagizi tarehe ya Pasaka. Linatuelekeza kwa Kristo, aliye Pasaka wetu. Hata pale tunapokuwa na hakika kwamba tuko sahihi, bado tutaulizwa tulimtendeaje aliyetofautiana nasi. Mtu anaweza kutetea neno la kweli kwa roho isiyo ya Kristo.

Mwaka 325 Baraza la Nikea liliamua kwamba wote waadhimishe siku moja. Lakini mwaka 2024 makanisa ya Magharibi yaliadhimisha Machi 31, na Waorthodoksi Mei 5. Baraza linaweza kupanga tarehe. Upendo ambao Yesu alisema utawatambulisha wanafunzi wake (Yohana 13:35) hauletwi kwa kura.

Tafakari: Ni ndugu yupi uliyeacha kuketi naye kwa sababu ya jambo ambalo Mungu hakuliagiza? Utachukua hatua gani kabla ya Meza ya Bwana ijayo?