Kula Pamoja Bila Kula Kimoja

Tamasha la chakula huiwekea familia swali ambalo nyumbani hujibiwa kimyakimya, kabla sufuria haijainjikwa: je, wanaokula pamoja lazima wale kitu kimoja? Nyumbani mpishi anajua mwiko wa kila mtu, naye hupika kwa kuuzingatia. Uwanjani moshi wa kila jiko hufika kwenye kila pua, watoto huvuta mikono ya wazazi kwenda huku na huku, na mambo ambayo desturi ya nyumba ilikuwa imeyamaliza hulazimika kusemwa kwa sauti.

Kyambogo ni mahali pazuri pa kulitazama swali hili. Kilima hiki cha mashariki mwa Kampala, kando ya barabara ya Jinja, kina chuo kikuu kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha chuo cha ufundi, chuo cha ualimu na taasisi ya elimu maalumu, na wanafunzi wake hutoka kila pembe ya Uganda. Wapishi wa Uganda nzima wanapokutana mahali kama hapa, matoke ya Buganda hukaa jirani na ugali wa ulezi na eshabwe ya Ankole, malewa ya Bugisu, yaani machipukizi ya mianzi, na malakwang ya Waacholi. Pembeni kuna wachoma nyama, wakiwemo wa nguruwe, na wakaanga rolex, chapati iliyoviringwa pamoja na mayai.

Wingi wa vyakula peke yake si tatizo. Ugumu huletwa na miiko, nayo si ya aina moja. Kila ukoo wa Buganda una muziro wake, kiumbe ambacho watu wa ukoo huo hawakili. Wa ukoo wa Mmamba hali kamongo. Wa ukoo wa Nsenene hali senene. Mtoto hufuata ukoo wa baba, na kwa kawaida mtu haoi ndani ya ukoo wake, kwa hiyo karibu kila nyumba ya Kiganda ina miziro miwili tangu siku ya harusi. Mama wa ukoo wa Nsenene anaweza kusimama karibu na karai la senene wa Novemba, akawanunulia wanawe, na yeye asionje. Mdudu huyo si najisi kwake, wala hamwonei kinyaa. Ni wa kwao, na mtu hali wa kwao.

Senene wanafundisha jambo jingine. Torati, katika Mambo ya Walawi sura ya 11, inaruhusu panzi na nzige wenye miguu ya kurukia. Hadithi za Mtume Muhammad zinahalalisha nzige bila kuchinjwa, na Waislamu wengi wa Uganda hula senene kwa msingi huo. Chakula ambacho dini mbili zimekifungulia mlango kimefungwa na ukoo mmoja tu. Hapo ndipo tofauti kubwa inapoonekana: muziro humfunga mwenyewe na haudai jirani ajizuie. Amri ya dini husema juu ya wanadamu wote. Mwislamu anayeepuka nguruwe, au Msabato anayeepuka nguruwe na kambare kwa sababu ya sura ileile ya Walawi, haamini kwamba kanuni hiyo ni ya nyumba yake tu. Basi anawezaje kukaa benchi moja na anayekula?

Swali hili limewahi kuua watu, tena si mbali na Kyambogo. Uislamu ulifika katika baraza la Kabaka Ssuuna II, mfalme wa Buganda, mwaka 1844 kupitia mfanyabiashara Ahmad bin Ibrahim. Mrithi wa Ssuuna, Mutesa I, alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa na kuhimiza sala, ila alikataa kutahiriwa, kwa kuwa desturi ilikataza damu ya Kabaka kumwagika. Katikati ya miaka ya 1870 vijana Waislamu wa ikulu walikataa kuswali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa na kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake. Kwao ilikuwa kibudu. Mutesa aliona kukataa chakula chake ni kumkataa yeye mwenyewe. Wanaokadiriwa kuwa 70 walichomwa moto Namugongo, pale pale ambapo mashahidi Wakristo wangeuawa miaka kama kumi baadaye. Kosa la Mutesa halikuwa ukatili tu. Aliamini kwamba sahani moja ndiyo ushahidi wa utii, na mawazo ya namna hiyo bado yapo, kwa sura ya upole, kila mwenyeji anaponuna kwa sababu mgeni hakuonja.

Vitabu vyenyewe vina majibu laini kuliko ya mfalme. Sura ya al-Maida, aya ya 5, inahalalisha chakula cha Watu wa Kitabu kwa Waislamu na cha Waislamu kwao, kwa hiyo ruhusa inakwenda pande zote mbili. Paulo, akiwaandikia Warumi na Wakorintho kuhusu ulaji wa nyama, alizuia dharau kati ya anayekula na asiyekula, akamtwisha mzigo yule anayejiona huru: afadhali aache nyama kuliko kumkwaza ndugu. Katika familia za Kampala, ambamo shemeji Mwislamu na bibi Mkatoliki hukaa gari moja, ushauri huo una maana ya kila siku. Uganda imeongeza jibu la vitendo: kwa muda mrefu uchinjaji wa ng'ombe na mbuzi wa sokoni umekuwa zaidi mikononi mwa Waislamu, ili nyama hiyo iliwe na wote. Kisu kilichowagawa watu wa Mutesa kikawa kitu cha kuwakutanisha.

Lakini si kila mwiko unastahili heshima hiyo. Katika Buganda ya zamani wanawake walipika kuku wasimle, na mayai pia walinyimwa. Huo haukuwa uaminifu wa mlaji kwa jambo analolipenda. Wanaume walikula kile walichowakataza wengine. Mwaka 2016 Kampala ilipoanza kuwa na tamasha la rolex, wanawake walikaanga mayai na kuyala hadharani, wala hakuna kilichopotea ambacho mwenye haki angekililia. Kipimo basi ni hiki: nani anajinyima, na nani ananyimwa.

Luwombo, nyama au karanga zinazopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, hutatua sehemu ya tatizo bila hoja yoyote. Moto ni mmoja, sufuria moja, lakini kila mtu ana kifurushi chake kilichofungwa, cha kuku, cha ng'ombe au cha karanga tupu.

Kwenye mkaa na mafuta hakuna jani la kutenganisha. Wavu uliochoma nguruwe asubuhi huchoma mbuzi mchana, na karai lililokaanga kambare hukaanga viazi. Mlaji hana njia ya kujua ila kuuliza, na muuzaji anawiwa jibu la kweli hata likimfukuzia mteja. Wanazuoni wa fikihi hawamhesabii dhambi aliyekula cha haramu bila kujua baada ya kuuliza. Lawama humwangukia aliyemdanganya.