UNA NINI NYUMBANI MWAKO?

Masomo: 2 Wafalme 4:1-7, Marko 10:13-16



Maandiko yanatuonyesha mama mjane. Mume amekufa, deni limebaki, na mdai anataka kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Nabii Elisha hakumpa feza. Alimwuliza ana kitu gani nyumbani. Ilikuwako chupa ya mafuta tu, na Mungu akaanzia hapo. Angalieni tena: watoto wenyewe ndio waliomsogezea vyombo, naye akamimina. Wale waliokuwa karibu kuchukuliwa ndio waliosaidia kuiokoa nyumba.

Tuone jambo hilo katika maisha ya mama mmoja wa Uingereza, Julia Margaret Cameron. Alizaliwa Calcutta, India, mwaka 1815. Alizaa watoto sita, akalea na wengine wasio wake. Miaka mingi kazi yake ilikuwa nyumba na watoto, na hakuna aliyemwazia kuwa mpiga picha.

Mwezi wa Desemba 1863 alikuwa na miaka 48, akikaa Freshwater, katika kisiwa cha Wight. Mume wake alikuwa mbali, Ceylon (leo Sri Lanka), kwenye mashamba ya kahawa. Binti yake na mkwe wake wakamletea kamera ili imwondolee upweke. Hawakufikiri kazi, walifikiri kumfariji mama.

Zamani hizo picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, kabla dawa haijakauka. Picha yake ya kwanza aliifuta kwa mkono wake mwenyewe bila kujua. Siku nyingine aliweka watoto wawili mbele ya kamera. Mmoja akacheka, picha ikaharibika. Mama huyu hakuacha. Stoo ya makaa akaifanya chumba cha giza, na banda la kuku lenye vioo likawa studio.

Tarehe 29 Januari 1864, saa saba ya mchana, alimpiga picha msichana mdogo, Annie Philpot. Mtoto alitulia. Kufika saa mbili ya usiku picha ilikuwa imekwisha kusafishwa, imetiwa katika fremu, na imetolewa. Mama Cameron aliiita mafanikio yake ya kwanza. Lakini sikieni: kwa furaha alizunguka nyumba nzima akitafuta zawadi za kumpa mtoto, maana aliona kana kwamba mtoto ndiye aliyeifanya picha ile.

Kazi ikaanza hivyo. Mwaka 1865 alimpiga mjukuu wake Archie akiwa amelala, mfano wa Mtoto Yesu. Watoto wengine aliwapiga mfano wa malaika. Wapo mafundi waliomcheka wakisema picha zake zina ukungu, lakini mwaka huohuo jumba la makumbusho la South Kensington, London, lilizinunua. Hakutajirika, dawa na vioo vilikula feza nyingi. Lakini alipata kazi iliyojaza siku zake, na picha zile zinatunzwa mpaka leo.

Tupate mafundisho matatu.

La kwanza: usidharau kilichomo nyumbani. Wengi wetu tunajua siku mshahara unapokatika, au watoto wanapoondoka na nyumba inanyamaza. Mtu anasema: "Mimi nimekwisha." Mungu hasemi hivyo. Anauliza una nini. Labda ni cherehani ya zamani, labda ni simu inayopiga picha. Labda ni uvumilivu wako tu mbele ya mtoto anayelia. Huo nao ni mafuta katika chupa.

La pili: usiukatae mkono wa mtoto. Wanafunzi waliwazuia watoto, na Yesu akachukizwa. Katika nyumba zetu kijana analeta shauri, na baba anajibu: "Utanifundisha nini wewe?" Baba, sikiliza kwanza. Yule mjane angewafukuza watoto wake, vyombo vingetoka wapi?

La tatu: ifanye kazi hiyo kwa haki. Wako kati yetu wanaopata chakula kwa kupiga picha watoto siku ya ubatizo na siku ya sikukuu. Ndugu mpiga picha, usimtishe mtoto ili anyamaze. Usipokee feza ya mama halafu ukapotea na picha yake. Mama Cameron alitoa picha siku ileile. Wewe hujui: pengine mtoto yule ataondoka duniani, na hiyo ndiyo sura pekee itakayobaki kwa wazazi wake.

Maana hata binti aliyeleta kamera ile alikufa mwaka 1873, katika uzazi, miaka sita kabla ya mama yake. Aliyefungua mlango wa kazi alitangulia. Kwa hiyo, mpendwa, kama mtoto wako amekuletea kitu mkononi, hata kama ni kidogo, mshukuru leo. Ingia ndani, funga mlango kama yule mjane, uanze kumimina. Mungu ndiye anayejua vyombo vitakuwa vingapi.

Bwana abariki kazi ya mikono yenu. Amina.